Vyombo Viko Jikoni

Kwenye karatasi ya mazishi waliandika kwamba alikuwa mpishi. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, kwenye kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja ulikuwa unadidimia katika udongo wa Bulumbi, na nikausoma mstari ule mara tatu nikidhani miwani yangu imechoka. "Marehemu Mama Nafula alihudumu katika shule ya misheni kama mpishi, kwa miaka mingi na kwa uaminifu." Juu yake palikuwa na picha yake ya uzeeni, anacheka amefumba macho, na chini yake nyimbo mbili za kanisa. Nikamshika mkono kijana aliyekuwa akigawa karatasi zile, nikamwuliza nani ameandika haya. Akainama kwa adabu. "Bibi, hiyo tulitoa kwa faili ya shule," akasema, akaenda zake kuwagawia wengine.

Faili. Kumbe bado lipo. Mchwa walikula paa la darasa lile, wakala milango, wakala hata biblia ya Mwalimu Mkuu, lakini faili hawakuligusa. Naandika haya nikiwa na hasira, na katika umri wangu sioni faida ya kuificha. Nitaandika habari za mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa na miaka kumi na tisa. Ukoo wangu na kijiji changu cha Kiyeyi nitaviacha kando, maana havikuhusika na jambo hili. Waliohusika ni watu wachache, samaki mmoja, na maneno mawili yaliyofasiriwa vibaya, na neno moja kati ya hayo nililifasiri mimi.

Nilifika shuleni pale Bulumbi mwezi wa Januari, nimemaliza shule ya kati huko Tororo, nina sanduku la mbao na Kiingereza ambacho nilikionea fahari kuliko nguo zangu. Nilipewa darasa la kwanza. Darasa la pili lilikuwa la Nafula, ambaye sote tulimwita Mama Nekesa kwa jina la binti yake mdogo, aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Hatukuwa na vyeti, mimi wala yeye. Ofisi ya elimu ilikuwa imetangaza kwamba mwaka ule afisa angepita kuwakagua walimu wasio na vyeti, na atakayeonekana hafai atanyang'anywa darasa. Mimi nilikuwa mgeni, sikuwa na cha kupoteza. Yeye alikuwa amefundisha darasa lile miaka sita, na ukimwuliza habari za nyumbani atakujibu habari za darasa.

Nilipanga kwake. Chumba changu na chao vilitengwa kwa jamvi la mafunjo, kwa hiyo nilisikia kila kitu: mtoto akinyonya, mumewe akirudi kutoka ziwani Majanji mwisho wa mwezi, na Mama Nekesa mwenyewe akijisemea alfajiri, akihesabu kwa sauti ndogo vitu atakavyovihitaji siku hiyo. Yeye Msamia, mimi wa Padhola, tulizungumza Kiswahili cha soko na reli, kile kisichojali ngeli. Hiki ninachoandika nilikipata baadaye, nilipofundisha upande wa Kenya. Tulikula ugali wa muhogo na mtama uliochanganywa, pamoja na samaki mkavu, na wakati wa kula mikono yake ilikuwa haitulii. Akimaliza kula mfupa wa samaki aliuosha na kuuanika. Nilidhani ni tabia ya umaskini. Baada ya wiki mbili niliukuta mfupa uleule darasani, umegandishwa kwa ulimbo juu ya karatasi, na watoto wanahesabu miba yake kwa tano-tano.

Darasa lake lilikuwa la udongo, kuta zake zinaishia kifuani ili hewa ipite, sakafu inasiribwa kwa samadi kila Ijumaa. Ubao ulikuwa umepasuka katikati. Chaki ilikuwa ya kuombaomba. Ofisi haikuleta kitu kingine chochote, na hili naomba lisisahaulike. Vingine vyote alivitengeneza mwenyewe. Kiwanda cha saruji cha Tororo ndiyo kwanza kilikuwa kimeanza kutoa vumbi lake, na mifuko yake mitupu ilifika hadi kwetu na malori. Aliikung'uta, akaichana, akaipangusa kwa kitambaa chenye unyevu, akapata karatasi nene ya kahawia yenye upana wa mlango. Aliichora kwa makaa na kuitundika ukuta mzima. Alikuwa na mizani ya vibuyu viwili na mawe ambayo aliyapima dukani kwa Mhindi, moja baada ya jingine, mpaka mwenye duka akamwuliza kama anataka kununua kitu au la. Alikuwa na kamba ya katani yenye mafundo, kila fundo na kipimo chake. Vizibo vya soda vilikaa kwenye kopo, na ole wako ukipoteza kimoja.

Lakini si vitu hivyo vilivyonishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba hakuwa anasema sasa ni hesabu, sasa ni kusoma. Asubuhi moja alileta samaki mkavu mzima wa Majanji akamweka juu ya meza. Watoto walimpima urefu kwa kamba. Wakampima uzito kwa vibuyu, wakamchora, wakaandika majina ya viungo vyake. Kisha wakaifinyanga njia yake sakafuni kwa udongo: ziwa hapa, Busia pale, barabara, halafu Mwamba wa Tororo umesimama peke yake, na reli ya kamba ikipita chini yake. Mwishowe kila mtoto akasimama kusimulia samaki alivyosafiri mpaka sokoni, na aliyekosea njia alirudishwa ziwani na wenzake. Mimi, ambaye darasa langu lilikuwa linaimba moja na moja ni mbili kutwa nzima, nilisimama nje ya ukuta nikaona aibu.

"Mama Nekesa, hii ni somo gani?" nilimwuliza tulipokuwa tunafagia.

"Hii ni samaki."

"Najua ni samaki. Nauliza somo."

"Somo iko ndani, dada, kama miba. Mtoto atapata yenyewe, pole pole. Wewe unataka kumpa miba peke yake, ndiyo sababu watoto yako wanalia."

Afisa alikuja mwezi wa Machi. Wiki nzima kabla yake Mwalimu Mkuu, mzee Ouma, mtu wa tai na fimbo ya kutembelea, hakuwa na habari nyingine isiyo ya chakula. Mgeni lazima ale, alisema, na mgeni akila akashiba hata kalamu yake inakuwa laini. Kuku akachinjwa. Sahani na vikombe vikaazimwa kwa mke wa katekista. Na kwa kuwa Mama Nekesa alikuwa mwanamke, na mimi nilikuwa nikiandika majina ya watoto kwa mwandiko mzuri, yeye ndiye aliyekabidhiwa kuviosha vyombo vile kabla ya kengele ya kwanza. Alilalamika kidogo, kwamba alikuwa na samaki wa kuandaa. Mzee Ouma akamwambia samaki atasubiri.

Yule afisa, Mzungu, aliingia darasa la pili watoto wakiwa wamepiga magoti kuzunguka ramani yao ya udongo. Nilikuwa mlangoni na daftari la majina, nikaona yote. Aliweka leso puani kwa sababu ya harufu. Hakuzunguka ile kazi ya watoto, aliipita katikati, akasimama kiatu kimoja Busia na kingine juu ya Tororo, na udongo ukapasuka. Mtoto mmoja akasema kwa Kisamia, bila ukali, kwamba bwana amevunja mwamba. Afisa akasema maneno kwa Kiingereza. Mkalimani wake, kijana aliyeletwa kutoka mbali na asiyejua Kisamia, akayageuza kwa Kiswahili.

"Bwana anauliza, vyombo viko wapi?"

Yule Mzungu alikuwa ameuliza vifaa vya kufundishia. Mimi nilisikia kwa Kiingereza na nikaelewa. Lakini kijana yule hakuwa na neno jingine, akasema vyombo, na Mama Nekesa aliyekuwa ameinama juu ya sahani za mke wa katekista tangu alfajiri, na aliyeambiwa wiki nzima kwamba mgeni huyu amekuja kula, alijifuta mikono akatabasamu.

"Viko jikoni, bwana. Nimeosha yote. Hata bakuli ya mchuzi iko."

Kijana akatafsiri neno kwa neno. Afisa akamtazama, akatazama samaki, akatazama karatasi za kahawia ukutani kana kwamba ni ukuta tu, akaandika. Ilinichukua muda kuelewa kilichotokea, na nilipofungua mdomo alikuwa ameshapita mbele yangu kuelekea kwenye gari. Nusu saa haikuisha. Kuku hakumwonja. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimekaguliwa na watu wa rangi zote, na bado nikikumbuka kiatu kile juu ya kazi ya watoto natamani ningemwambia atoe mguu.

Ripoti ilikuja mwezi wa Aprili, kwa Kiingereza, karatasi moja. Mzee Ouma alijua Kiingereza cha salamu, kwa hiyo aliniita nyumbani kwake, kwenye sebule yenye vitambaa vilivyofumwa juu ya kila kiti, akanipa niisome huku Mama Nekesa akisubiri mlangoni na mtoto mgongoni. Juu yangu afisa aliandika kwamba nina mwandiko mzuri na Kiingereza cha kutosha. Juu ya Nafula mistari ilikuwa miwili. Wa kwanza ulihusu vifaa, na mbele yake palikuwa na neno moja: Nil. Wa pili ulisema kwamba mwanamke huyu angefaa zaidi katika kazi za nyumbani. Chini kabisa palikuwa na onyo kwamba shule yenye maoni iyaandike kabla mwezi haujaisha, la sivyo mapendekezo yatatekelezwa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ujinga wangu ulipovaa viatu. Neno lile sikulijua. Nilichokijua ni mto. Mwaka ule kila mtu alizungumza habari za Mto Naili, kwa sababu ya bwawa la umeme la Jinja, na kwenye ramani ya shule ya kati mto huo niliusoma kwa herufi nne, tatu zikiwa ni hizihizi. Nikasema mpiga chapa amesahau herufi ya mwisho. Nikamweleza mzee Ouma, kwa sauti ya mtu mwenye elimu, kwamba afisa amesema vifaa vya Mama Nekesa ni kama Mto Naili, yaani vimefurika. Na kazi za nyumbani nikajua ni lile somo la wasichana la kupika na kushona, ambalo shule kubwa zilikuwa nalo. Nikamwambia Mama Nekesa atapandishwa, atafundisha somo jipya.

Alicheka mpaka mtoto akaamka. "Mimi hata hiyo Naili sijaona," alisema. "Lakini kama yeye nasema iko kwa darasa yangu, iko."

Tulikula siku ile. Mzee Ouma alitoa kuku wa pili, na katekista akaomba sala ndefu, na nikasikia mke wake akimwambia jirani kwamba kumbe Wazungu wana macho. Baada ya chakula nikaketi kuandika barua ya majibu. Bado naikumbuka, neno kwa neno. Tulimshukuru bwana afisa kwa maneno yake mema. Tulisema tunakubaliana na kila alichoandika juu ya Nafula. Tukaomba kitekelezwe upesi. Neno upesi lilikuwa langu, mzee Ouma hakulitaja. Yeye aliweka sahihi na muhuri.

Siku chache baadaye nilitumwa stesheni ya Tororo kuchukua sanduku la chaki. Karani wa mizigo, mtu wa Kisumu mwenye Kiswahili kizuri, alikuwa akijaza fomu, na nikaona katika safu ya mizigo iliyoharibika anaandika neno lile, mstari baada ya mstari. Nikamwuliza kwa nini mizigo yote inaandikwa mto.

"Mto gani, dada?"

"Naili."

Alitazama fomu yake, akanitazama mimi. "Hii si Naili. Hii maana yake hakuna kitu. Hakuna mzigo ulioharibika. Sifuri."

Nikamwuliza, mtu akiandikiwa kwamba anafaa zaidi kazi za nyumbani maana yake nini.

"Maana yake ameachishwa," akasema. "Anaambiwa arudi jikoni kwake." Akamwita mwenzake aliyekuwa dirishani amsimulie habari za mto, nao wakacheka, na mimi nikasaini mahali pa kusaini nikabeba chaki yangu.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja mwezi uishe. Nilizihesabu njiani, nikiwa nimekaa juu ya magunia kwenye lori. Nilipofika sikwenda kwa Mama Nekesa, nilikwenda kwa mzee Ouma, nikamweleza yote kwenye sebule ileile. Alinisikiliza huku anakoroga chai iliyokuwa imekwisha kuyeyusha sukari zamani.

"Barua ilikwenda na sahihi yangu," alisema.

"Tuandike ingine, mzee. Tuseme tulikosea."

"Mtu anasema asante, halafu anarudi kusema, hapana, toa asante yangu? Sisi tutakuwa watu ya namna gani? Kwetu asante hairudi, hata kama ile kitu ulipewa ilikuwa mbovu." Akaweka kijiko chini. "Na yeye atauliza, nani alisoma hii karatasi? Niseme nani?"

Nikanyoosha kitambaa cha kiti nilichokalia.

"Halafu, Mwalimu Athieno," akasema kwa sauti ya upole, "darasa ya pili itahitaji mwalimu. Mwenye mwandiko."

Nimemchukia mzee yule kwa maneno hayo maisha yangu yote, na nimemchukia kwa haki. Lakini karatasi nilikuwa nayo. Wino nilikuwa nao. Kiingereza, kwa mujibu wa ripoti, nilikuwa nacho cha kutosha. Stempu ningeipata kwa Mhindi. Siku kumi na moja nilikula ugali wa mwanamke yule, nikalala nyuma ya jamvi lake, nikamsikia alfajiri akihesabu vitu vya darasa, na sikuandika. Nilijiambia naogopa kufukuzwa. Kweli, niliogopa. Na pia nililitaka lile darasa.

Amri ilikuja mwezi wa Mei, safari hii kwa Kiswahili. Kuanzia juma lililofuata Nafula atasimamia jiko la shule, uji wa saa nne kwa wote na chakula cha watoto wa bweni. Aliisoma mwenyewe, amesimama uani, kisha akanipa niisome kwa sababu alidhani hajaielewa. Nikamwambia ameielewa. Nikamweleza na lile neno, kwamba lilikuwa sifuri na halikuwa mto, na nikalisema kana kwamba nimelijua siku hiyohiyo. Aliichukua ile amri akaikunja.

"Kumbe ile maji ya Naili ilikuwa ya kuosha sahani," akasema.

Alizibandua karatasi zake ukutani siku hiyo, akazikunja, akanikabidhi pamoja na kamba na vibuyu. Mzee Ouma akavikataa. Alisema ofisi imeandika kwamba vifaa havipo, kwa hiyo haviwezi kuwepo. Nilidhani anatania. Hakuwa anatania, alikuwa na karatasi mkononi. Ikabidi kila kitu kihamie jikoni, na hivyo lile jibu alilompa afisa mwezi wa Machi likawa kweli.

Na kwa kuwa tuliandikwa hatuna kitu, mwezi wa Julai ofisi ikatuletea kabati. Lilikuwa la mbao nzito, lenye kufuli, na ndani yake mlikuwa na mizani ya shaba inayong'aa, tufe la dunia, vipande vya mbao vya rangi, na picha za matunda ambayo hakuna mtu wa Bulumbi aliyewahi kuyaonja. Likaja na orodha ndefu, na agizo kwamba kila kitakachovunjika mwalimu atakitolea maelezo kwa maandishi. Mzee Ouma alisoma agizo lile, akafunga kabati, akavaa ufunguo shingoni. Alilifungua mara mbili tu mwaka ule, zote kwa ajili ya wageni. Mimi nilifundisha darasa la pili nikiwa nimesimama mbele ya mlango wa mbao. Niliwaambia watoto, ndani ya kabati hili mna mizani. Wakarudia kwa pamoja, mna mizani. Niliwaambia mna dunia, wakarudia mna dunia. Mtoto yule aliyesema bwana amevunja mwamba aliniuliza kama dunia haisikii joto mle ndani. Nikamkemea. Ningempa zawadi leo, kama ningejua yuko wapi.

Watoto wenyewe ndio waliotafuta njia. Saa nne wakienda kunywa uji hawakurudi. Nikawafuata, tayari kwa fimbo. Jikoni palikuwa na moshi unaotoa machozi, sufuria mbili juu ya mafiga, na darasa langu lote limepiga magoti kuzunguka ungo wa maharage. Walikuwa wakiyachambua kwa rangi na kuyapanga kwa kumi-kumi. Msichana mmoja alikuwa anaandika idadi kwa kaa juu ya mfuko wa saruji, na mwingine alikuwa anapima kwa kamba ya mafundo kuni zitakazotosha mpaka Ijumaa. Mama Nekesa alikuwa anakoroga, mtoto mgongoni, anauliza maswali bila kugeuka. Yanachukua maji kiasi gani? Maharage haya yalipandwa wapi? Nani ataniandikia barua kwa mama wa shamba lile, kumwambia yamefika? Aliponiona hakuacha kukoroga.

"Wananisaidia kuchambua," alisema. "Mwalimu Mkuu akiuliza."

Tangu siku hiyo niliwapeleka mwenyewe. Kwenye daftari la kazi niliandika kwamba wanafunzi wako jikoni wakichota maji. Nilikuwa nafundisha kuimba na kusali, na yeye akafundisha mengine yote, kwa mshahara wa mpishi, macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi. Mume wake alipokuja mwisho wa mwezi nilimsikia nyuma ya jamvi akimwuliza kwa nini anajichosha na watoto ambao si wake tena. Akamjibu kwamba maharage ni lazima yachambuliwe.

Afisa alirudi mwezi wa Desemba. Mzee Ouma alikuwa amefungua kabati na kulipangusa vumbi. Watoto wakapewa mtihani, na yule Mzungu akashangaa. Walikadiria uzito wa jiwe kwa mkono wakakaribia kabisa. Walichora njia ya kutoka ziwani hadi stesheni bila kukosea. Waliandika barua zinazosomeka. Akalitazama kabati, akanitazama mimi, akauona uhusiano. Aliandika pale pale, na safari hii nililijua kila neno: vifaa, vizuri sana, mwalimu, apelekwe chuo. Mama Nekesa alikuwa amesimama nje ya ukuta, pale nilipokuwa nikisimama mimi mwanzo wa mwaka, ana mwiko mkononi. Mzee Ouma akanikoholea ili nijibu. Nikamshukuru bwana afisa.

Mama Nekesa aliponiaga kwenda chuo, mwezi wa Januari, alinipa samaki mkavu aliyefungwa kwa jani la mgomba. Nilitaka kumwambia habari za siku zile kumi na moja. Nilikuwa nimelipanga neno la kwanza. "Enda," akasema yeye. "Lakini siku yenye utarudi, usikuje na ufunguo." Nikaenda.

Nimefundisha miaka thelathini na minne kwa mikono ya mwanamke yule. Kila nilichowafanyia watoto kikafaa nilikiona kwake, na kila cheti nilichopewa kilikuwa na jina langu. Nilikwenda kumwona mara nyingi, na kila mara nilibeba neno langu nikarudi nalo. Uzeeni mwetu niliitwa Tororo kwenye warsha moja ya walimu, hotelini, mgeni wa heshima. Binti mdogo mwenye mashine ya kuonyesha picha ukutani alituletea sanduku jipya lililofadhiliwa na wageni: vizibo vya soda, kamba yenye alama, mizani ya vibuyu, na kitabu kinachomwonyesha mwalimu jinsi kitu kimoja kinavyoweza kukuza stadi za masomo yote. Alisema ni mbinu ya kisasa. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikaa na mikono yangu mapajani, nimejaa hasira mpaka sikio likawa linavuma, na kesho yake nikaenda Bulumbi kumsimulia Mama Nekesa. Alikuwa haoni vizuri tena. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Samaki iko kwa hiyo sanduku?" akauliza.

"Hakuna."

"Basi bado," akasema, akaomba apewe chai.

Kwa hiyo mshereheshaji alipotangaza pale mazishini kwamba wazee wawili watasema neno, dakika tatu kila mmoja, nilisimama kabla hajataja jina. Nilikuwa na ile karatasi mkononi. Nikasema, hapa mmeandika kwamba alikuwa mpishi. Mshereheshaji akaninong'oneza kwamba imetoka kwenye faili, Mama, tusonge mbele. Nikamwambia faili nalijua, maana nililiandika mimi. Nikawasimulia afisa, samaki, vyombo, na mto. Kwenye mto watu walicheka, kama makarani wa stesheni walivyocheka. Nikangoja wamalize. Kisha nikawaambia siku kumi na moja. Nikawaambia kwamba nilijua, na nilikuwa na wino, na nilikaa kimya kwa sababu nililitaka darasa lake, na nikalipata, na watoto aliowafundisha yeye jikoni niliwaandika kuwa ni wangu.

"Mwaka ule shule ile ilikuwa na mpishi mmoja," nikasema. "Alipika matokeo, yakaiva, akala peke yake. Mpishi huyo ni mimi. Huyu mliyemlaza hapa alikuwa mwalimu."

Nilibaki nimesimama, nikitafuta kiti changu kwa mkono. Nekesa, yule aliyekuwa mgongoni, sasa naye ni bibi mwenye wajukuu, aliinuka kutoka kwenye mkeka wa wafiwa. Nilidhani anakuja kunishika nisianguke. Alichukua karatasi kutoka mkononi mwangu, akaitandaza juu ya meza ya mshereheshaji, akachukua kalamu iliyokuwa pale, akaniwekea kwenye vidole.

"Mama alikuwa nasema wewe ndiyo mwenye mwandiko," akasema. "Andika tena. Sasa andika vizuri."